Udi wa Siku ya Basari

Hata leo moshi wa udi ukinipita usoni, nyumba yangu ya Kiembeni huyeyuka, vigae na lango na yote, nikajikuta Bofu katika chumba cha mama yangu. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe, kwa diploma yangu ya upishi na miaka yangu ya Doha, na sioni haya kulisema. Lakini moshi haujali diploma. Hunirudisha asubuhi ile nilipokuwa nimepata nafasi ya chuo na karo hatuna.

Mama alikuwa mjane, akiuza mahamri. Siku hiyo tulikuwa tunakwenda kwa chifu, kuomba msaada wa karo mbele ya kamati ya basari. Alilifukiza buibui lake jema juu ya chetezo, taratibu, kana kwamba tunakwenda harusini. Kwetu mtu haendi mbele za watu ananuka jasho. Nilikaa nikitazama moshi ukipanda darini, nikajiona nimevaa kofia ndefu nyeupe ya mpishi, nikitembea ndani ya wingu.

Pale kwa chifu, wazazi waliokuwa kwenye benchi wote walivaa kanga zilizopauka. Jirani yetu, muuza samaki, alimwinamia mama.

"Shoga, vua hata hiyo saa."

"Niivue kwani nimeiiba?"

"Watasema wajiweza."

"Waseme. Maskini haogi?"

Mwenyekiti wa kamati alivuta pumzi kabla hata hajaitika salamu.

"Mama, fungu hili ni la wasiojiweza."

"Nasi hatujiwezi, babangu."

"Mbona hamnukii hivyo?"

Watu wakacheka. Jina langu likakatwa. Nje jua lilikuwa jeupe, nami nikaiona ile kofia ikipeperuka juu ya minazi, bila haraka.

Mama hakulia. Wiki hiyo hiyo alilifukiza buibui lile lile, tukaenda kwenye chama cha akiba cha wanawake wa sokoni kuomba mkopo wa elimu, ule anaochukua mzazi. Huko hawakuuliza umaskini wetu. Waliuliza ameweka akiba muda gani, atalipaje, na nani watamdhamini. Karani, mama wa makamo, alimtazama kuanzia mtandio hadi viatu, akavuta pumzi kama yule mwenyekiti, ila yeye alitabasamu.

"Mtu anayejitunza hivi hatutamsaka mitaani," akasema.

Mdhamini wa kwanza alikuwa mama mdogo. Wa pili aliingia amepaka wanja, mkufu shingoni, saa mkononi: yule yule muuza samaki.

"Kumbe nawe una saa," mama akamwambia.

"Siku ile niliiacha nyumbani imelala." Akachukua kalamu. "Wangu keshapata basari. Huyu wako acha tumpeleke sisi."

Nikaenda. Nilipofungua sanduku bweni zima lilinukia udi, wenzangu wakauliza nani anaoa. Darasani hakuna aliyenipita, Doha nilipika kwa watu wakubwa, na salio la mkopo ule nililimaliza kwa mshahara wangu wa kwanza.

Sasa mama anaishi nami. Kila Ijumaa huzungusha chetezo sebuleni, mpaka chini ya diploma yangu ukutani. Wageni wakiwapo mimi huwaambia kwamba nimejijenga mwenyewe.

"Naam," husema mama, "mwenyewe kabisa," akaendelea kufukiza, mpaka kioo cha diploma kikafifia na jina langu likapotelea ndani ya moshi.