Magunia ya Chini

Maina wa mtaa wa Section 58 amenunua viazi Mau Narok tangu enzi za mkokoteni, na hajawahi kulipia lori kwa kutazama magunia ya juu. Hupanda juu ya lori mwenyewe, huagiza gunia la chini kabisa litolewe, hulimwaga, kisha hukata kiazi baada ya kiazi akitafuta ule mduara wa kahawia wa ugonjwa wa mnyauko. Wakulima humwita Mzee wa Kisu. Wanamchukia, halafu wanamuuzia.

Mwaka huu aliyekatwa ni yeye. Saratani ya utumbo mpana. Kipande kilichotolewa kilipelekwa maabara, na majibu yakasema tezi saba zimepimwa, zote safi. Mkewe, Waithera, hakungoja neno la pili: akatangaza ibada ya shukrani kanisani, akakodi hema.

Ndipo Daktari Jepkemboi akawaita.

"Saba ni chache," alisema. "Saratani hii ikianza kusafiri, kwanza hupitia tezi ndogo zilizojificha kwenye mafuta kando ya utumbo. Nataka angalau kumi na mbili ndipo niseme haijafika huko. Kipande bado kiko maabara. Wa huko watafute tena."

"Lakini hizo saba ni safi, daktari. Si tumalizane hapo?" Maina akauliza.

"Mzee, hapa hatuuziani."

Waithera alimgeukia mumewe. "Baba Sue, ni wewe unasema hivyo? Mzee wa Kisu ametosheka na magunia ya juu?"

Huko Mau Narok, Maina akipata gunia bovu, hushuka akaenda kwa mkulima mwingine. Hili lori lilikuwa lake.

"Haya, watafute," akasema, kama mtu aliyepunjwa.

Wiki iliyofuata waliitwa tena: zilipatikana tezi tisa zaidi. Mbili zilikuwa na saratani.

"Na hema?" Waithera aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hema lirudi kwa mwenyewe." Maina akamtazama daktari. "Bei ya mwisho?"

"Sina bei, mzee. Tukiacha hivi, inaweza kurudi. Tukianza dawa za kemo sasa, wengi hupona."

"Wengi, si wote."

"Si wote."

Sokoni, mazungumzo ya bei yakifika hapo, Maina hugeuka akaanza kuondoka, akijua ataitwa kabla hajafika mbali. Aliutazama mlango. Hakuna ambaye angemwita.

"Anza Jumatatu," akasema, akavuta kiti karibu na meza.