Boazi na Gari Lililotembea Ubavu

Boazi wa Nanyala hakuvumilia kitu kilichopinda. Mibuni yake aliipanda kwa kamba, na ukisimama mwanzo wa mstari uliona mche wa kwanza tu, iliyobaki yote imejificha nyuma yake. Kanisani alifika mapema kuliko mzee mwingine yeyote, akaanza kunyoosha mabenchi kabla hajafikiria kusali. Mkewe, Enesi, alishaacha kutundika picha ukutani, maana mumewe angekula chakula chote shingo imelala upande, akiikagua.

Lakini alichokipenda kuliko vyote ni gari lake, Surf kuukuu ya kijani aliyoinunua Tunduma. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuliendesha. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu.

Taabu ilianza alipopata shamba la ufuta Mbangala, kule chini kwenye joto, ambako barabara ina mawe mengi kuliko udongo. Safari ya kwanza tu, jiwe lililigonga gari tumboni kwa kishindo. Boazi alishuka, akaliangalia lile jiwe kwa muda mrefu, kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Akaamua gari lazima linyanyuliwe.

Springi ndefu alizipata. Aliyemletea vyuma vingine ni shemeji yake Clement, kaka yake Enesi, anayeishi Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

"Ukilinyanyua, shemeji, ekseli ya nyuma haitabaki mahali pake," Clement alimweleza. "Ndiyo maana nimekuletea mikono hii ya chuma yenye nyuzi kama za skrubu. Unaizungusha, inarefuka au inafupika. Ila ukishaifunga, uipime. Usiiamini kwa macho."

"Macho yangu nayajua," Boazi alijibu.

Akafunga kila kitu mwenyewe hapo uani: mikono miwili kushoto, miwili kulia, inayoishika ekseli isirudi nyuma wala kwenda mbele, na fimbo moja ya kukingama inayoizuia isihame pembeni. Alipomaliza alikaza nati, akashusha jeki, akasogea nyuma, akafumba jicho moja. Limenyooka kama rula, akajisemea, akaenda kunawa.

Siku ya gulio alikwenda nalo Mlowo. Gari lilikuwa limepanda juu, na Boazi naye alijiona amepanda juu. Kitu kimoja tu kilimsumbua: barabara ilikuwa imenyooka, lakini usukani ulitaka ushikwe umeinama kidogo kushoto. Alisema ni upepo. Alipofika Mlowo bendera ya pale stendi ilikuwa imelala kwenye mlingoti wake kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba, lakini akakataa kuitazama.

Kijana wa bodaboda aitwaye Jofrey alimsogelea akiwa na adabu zote. "Shikamoo, mzee. Samahani, hivi ulikuwa unakuja huku au unakwenda kule?"

Papo hapo lori lenye namba za Zambia likaegeshwa nyuma yake. Dereva wake, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, akashuka akijinyoosha mgongo.

"Mulishani, bashikulu," alimwamkia kwa Kibemba, kisha akageukia Kiswahili chake cha mpakani. "Mimi niko nyuma yako tangu Nanyala. Naona gari inataka kukata kulia. Nasema, ngoja nimpishe babu akate. Njia panda ya kwanza hukati. Ya pili hukati. Nimekupisha mpaka nimefika."

Watu waliokuwa karibu walicheka. Boazi alimshukuru, akanunua sabuni aliyotumwa, akarudi nyumbani taratibu sana, akiomba asipate mtu nyuma yake.

Jioni ile Enesi alirudi kwa bodaboda kutoka kikundi cha akina mama. Aliweka kikapu chini, akakaa.

"Baba Angel, tumekufuata kutoka darajani. Mtu akiwa nyuma ya gari anatakiwa aone mgongo wake. Mimi nilikuwa naona mlango wako wa dereva. Nilikuwa naona mpaka kiwiko chako."

"Pikipiki inatikisika, Mama Angel. Ukitikisika unaona mengi."

"Linatembea kama mbwa anayekimbia, makalio pembeni."

"Nimelipima."

"Ulilipima kwa kitu gani?"

Boazi hakusema kuwa ni kwa jicho moja. Alisema tu kwamba haamini mpaka aone mwenyewe, na kwa kuwa dereva hawezi kukaa ndani ya gari na papo hapo akasimama nyuma yake, basi habari imekwisha.

"Litaendeshwa na mtu mwingine, wewe usimame barabarani," Enesi alisema.

"Mtu gani?"

"Mimi."

Boazi alicheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Enesi akamweleza bila haraka. Mwaka ule alipokaa Nakonde akimuuguza mama yake, Clement alikuwa na pikapu ya kubebea maji, na hapakuwa na mtu wa kwenda kisimani. Akajifunza. Leseni alikuja kuichukua baadaye.

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na ufunguo ulikuwa umeuvaa."

Usingizi wa Boazi siku hiyo haukuwa mtamu. Asubuhi aliivua kamba ya kiatu shingoni, akaishika mkononi kwa muda kama mtu anayeagana na mgeni, akampa mkewe. Akaenda kusimama kando ya barabara ya vumbi inayopita nyuma ya nyumba yao.

Gari lilimpita. Alitaka kutazama magurudumu, lakini macho yalikwenda kwanza kwa dereva. Enesi alikuwa ameketi wima, mikono imetulia, anabadilisha gia bila gari kushtuka. Boazi mwenyewe gia ya tatu humtoa jasho. Ndipo akakumbuka kutazama nyuma. Gari lilikuwa linaondoka huku limemgeuzia ubavu wa kulia, kitasa cha mlango wa dereva kikionekana waziwazi, kama mtu anayeondoka kwenye ugomvi huku akikuangalia kupitia begani.

Enesi aligeuza, akasimama mbele yake, akateremsha kioo. "Umeona?"

"Nimeona," Boazi alisema. "Yote mawili."

Walilipeleka kwa jirani yao Mbonile, fundi mwashi, mwenye sakafu ya saruji ya kuanikia mahindi, bapa kama meza. Mbonile alileta timazi yake ya uzi na futi. Boazi alileta kamba ya mibuni. Kwanza walipima kutoka ukingo wa tairi hadi ukingo wa tairi, kila mara wakapata jibu jipya, hadi Enesi aliposema mpira umevimba huku na kunywea kule, wapime katikati ya gurudumu. Wakapima hivyo, gurudumu la mbele hadi la nyuma. Upande wa kushoto ulizidi wa kulia kwa upana wa vidole viwili.

"Jicho lako lina ukarimu, Mzee Boazi," Mbonile alisema. "Limeongeza."

Boazi alilala chini ya gari, akafungua mikono ya kushoto, akaizungusha kuifupisha. Enesi alishika futi na kuita vipimo. Alipoita kwamba pande zimelingana, wakaning'iniza timazi kwenye kingo za bodi, kushoto kisha kulia, wakaona tairi la kushoto bado limejitokeza nje zaidi. Hiyo ilikuwa kazi ya ile fimbo ya kukingama. Wakaizungusha nayo, kidogo kidogo, hadi uzi ukaning'inia sawa kotekote.

Ikabaki kukaza boliti za mwisho, na hizo hukazwa gari likiwa na mzigo, ili mpira wa bushi usijikunje. Mzigo ulikuwa unapita: akina mama wa kikundi cha Enesi, wametoka shambani. Wakapanda wote, wakabanana, wakaanza kumenya karanga. Boazi alikaza boliti huku maganda yakidondoka karibu na sikio lake.

"Safari ni ya wapi?" mmoja aliuliza kutoka juu.

"Hakuna safari, mama. Kaeni tu."

"Basi tungeambiwa tuje na vitambaa tushone."

Wiki iliyofuata walikwenda Mbangala kuangalia ufuta. Usukani ulikaa katikati, na jiwe lile la zamani likapita chini bila hata kusalimiana na gari. Wakati wa kurudi goti la Boazi lilimuuma, akasema, akiangalia pembeni, kwamba Enesi anaweza kushika usukani kidogo.

Boazi hakuwahi kuketi upande ule wa abiria. Aliona nyumba za watu, mbuzi juu ya kichuguu, mto ambao miaka yote alijua tu daraja lake. Kila walipokaribia kona, mguu wake wa kulia ulikanyaga kwa nguvu.

"Baba Angel," Enesi alisema, "huko hakuna breki."

"Najua."

Kona iliyofuata alikanyaga tena.