Mstari Ndani ya Aya

Nyawira alikuwa sekretari wa wakili mmoja mjini Nyeri kwa miaka kumi na tisa. Wakili Theuri alizoea kumsomea hati za kiapo huku akitembea ofisini, na kabla hajafika dirishani sentensi ilikuwa tayari iko kwenye skrini. Kisha Jumamosi moja ya Machi, akiwa nyumbani kwao Kianyaga, mashine ya kukatia ng'ombe majani ilimkamata mkono wa kulia. Alitoka hospitalini mkono huo ukiwa umebaki na kidole gumba na kidole cha mwisho tu.

Alirudi kazini Juni. Mkono wa kushoto ulijifunza herufi polepole, lakini kipanya kilimshinda. Kila alipotaka kusahihisha neno, mkono huo huo mmoja uliacha kibodi, ukashika kipanya, ukatafuta neno, halafu ukarudi kuanza kutafuta herufi upya. Kazi ya nusu saa ikawa ya asubuhi nzima. Wakili hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Mwishowe aliandika barua ya kuacha kazi.

Aliyeiona kwanza ni Moffat, karani wa masijala, ambaye walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi.

"Usipeleke hiyo barua bado," Moffat alimwambia. "Niko na kitu moja nataka tujaribu."

Akamwekea kwenye kompyuta programu ya zamani ya kuandikia, isiyohitaji kipanya hata kidogo. Ukibonyeza kitufe cha Esc, herufi zinaacha kuandika na kuanza kuendesha kishale, ile alama inayoonyesha uko wapi kwenye maandishi. Herufi h inakipeleka kushoto, l kulia, j chini, k juu. Ukibonyeza i, unarudi kuandika. Mkono hauondoki kwenye kibodi.

Wiki mbili zilipita vizuri. Wiki ya tatu ikaja hati ya kiapo ya mama mmoja mzee wa Kangari, aliyetaka korti imwache kwenye shamba la chai la marehemu mumewe. Alikuwa anakuja saa tisa kuitia sahihi. Aya ya nne ilijaza mistari tisa kwenye skrini, na kwenye mstari wa sita jina la mumewe lilikuwa limekosewa.

Kishale kilikuwa mwanzo wa aya hiyo. Nyawira akabonyeza j ili ashuke mstari mmoja. Kishale kikaruka mistari yote tisa na kutua kwenye aya ya tano. Akabonyeza k, kikarudi pale pale mwanzo wa aya ya nne. Alijaribu vitufe vya mishale, mambo yakawa yale yale. Akaanza kwenda na l, herufi moja baada ya nyingine, hadi akaingia mstari wa sita, lakini jina bado lilikuwa mbali na kidole kimemchoka. Akaona heri afute ule mstari mmoja auandike upya. Akabonyeza d mara mbili, kama alivyofundishwa, na aya nzima ikatoweka.

Alinyanyuka akaenda mlangoni mwa masijala.

"Moffat, kuja uone. Nimefuta maneno ya yule mama."

Moffat alikuja, akainama juu ya meza. "Bonyeza u."

Aya ikarudi yote. Nyawira akaketi, akapumua.

"Kompyuta haijui mstari ile unaona wewe," Moffat alisema. "Kwake mstari inaisha mahali umebonyeza Enter. Na wewe unabonyeza mwisho wa aya peke yake. Hapa katikati ni skrini tu imekunja maneno, sababu nafasi imeisha."

"Kwa hivyo hii aya yote ni mstari moja?"

"Moja, mrefu."

"Sasa nitaingia ndani yake namna gani?"

Moffat alikiri kwamba hajui. Saa ya chakula watu walipotoka, yeye alibaki masijala akisoma maelezo ya programu, kurasa baada ya kurasa. Saa nane kasoro akarudi na kijikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: tia g kabla ya j.

Nyawira akarudisha kishale mwanzo wa aya, akabonyeza g, halafu j. Kishale kikashuka mstari mmoja tu, ule aliouona kwa macho yake. Akarudia mara nne zaidi, akafika mstari wa sita. Kijikaratasi kilisema pia kwamba g na sifuri hukipeleka kishale mwanzo wa mstari wa skrini, na g na alama ya dola hukipeleka mwisho wake. Akasahihisha jina. Saa tisa mama wa Kangari alisomewa hati yake, akasikia jina la mumewe limetamkwa sawasawa, akaitikia kwa kichwa.

Jioni hiyo Nyawira aliipasua ile barua.

Baadaye alimwomba Moffat aibadilishe j yenyewe ifuate mistari ya skrini siku zote. Haikudumu. Wakili alipomwambia ashuke aya tano, yeye alizoea kubonyeza 5 na j, na sasa kishale kilishuka mistari mitano tu na kubaki ndani ya aya ile ile. "Rudisha vile ilikuwa," akamwambia Moffat. "Nahitaji njia zote mbili."

Mwisho wa mwaka Moffat alistaafu, akahamia Mwea kulima mpunga na mkewe, Shiro. Nyawira alikaa miezi mitatu bila kuwatembelea, kisha Jumapili moja akaenda na kikapu cha ndizi na maparachichi ya Kianyaga. Alimkuta Moffat ukingoni mwa mfereji, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Nimekuja kusema asante," Nyawira alimwambia. "Ile siku sikusema."

"Ulisema."

"Nilisema sawa. Sawa si asante."

Moffat alinawa mikono mferejini. "Mimi nilifikiria haiwezekani," alisema. "Nilisoma tu sababu sikutaka kukuja kukuambia hakuna njia."

"Ulikosa chakula."

"Nilikula jioni."

Nyawira alimshika mkono kwa mkono wake wa kulia, ule wa vidole viwili, ambao kwa kawaida huuficha chini ya leso. Shiro akawaita ndani, wali ulikuwa umeiva. Nyawira aliomba yeye ndiye ashukuru kwa ajili ya chakula. Aliomba kwa muda mrefu, akamtaja Moffat kwa jina mara tatu, mchuzi ukapoa, na hakuna aliyemharakisha.