Samaki wa Ishirini na Moja

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kumnyima mnunuzi mbasela.

Kwetu Nchelenge, ziwani mpakani na Kongo, anayenunua mafungu ya samaki huongezewa mmoja wa bure. Huyo ndiye mbasela. Wenzetu wa Kongo husema matabishi. Muuzaji asiyetoa, kesho utamkuta amekaa na nzi wake.

Hayo yote niliyajua. Mama yangu aliuza samaki ufukweni, na Kiswahili changu nilikiokota hapo hapo kwa wanunuzi waliovuka kutoka Kongo. Lakini nilipokaa kuandika andalio la somo la hesabu, soko lilinitoka kichwani. Sikupita chuo cha ualimu. Nilijifunza kwa kunakili maandalio ya waliosomea, na kwa hofu ya kugundulika nilifuta na kuandika upya mpaka karatasi ikatoboka. Misheni iliyoendesha shule yetu ilikuwa inakusanya masomo ili ichape kitabu cha walimu wa shule za ziwani. Nilitamani langu liwemo kuliko nilivyotamani baiskeli.

Niliandika: mama anauza samaki kwa mafungu, kila fungu samaki watano. Mtu akinunua mafungu manne, atafika nyumbani na samaki wangapi? Jibu: ishirini.

Kamati ya kitabu haikupitisha somo kabla mwalimu mwingine hajalifundisha, mwandishi akiwa kimya nyuma ya darasa. Langu alipewa mwalimu mmoja wa kike, mama mwenyeji wa Mununga. Alipouliza swali, darasa karibu zima likapaza sauti: "Ishirini na moja!"

"Ishirini," akasema.

"Na mbasela, Ba Mwalimu?" akauliza msichana wa mbele, kwa "Ba" yetu ya heshima.

"Kwenye andalio hakuna mbasela."

"Basi huyo mama ni muchoyo. Mimi siendi kununua kwake!"

Wakacheka wote.

Baadaye mwalimu mkuu, aliyeongoza kamati, alishika kalamu. "Kijana, toa samaki, weka vijiti. Vijiti havina mbasela. Tulipitishe leo."

Neno "ndiyo" lilikuwa mdomoni. Lakini nikasikia nasema, "Hapana, Ba Mwalimu Mkuu. Watoto hawakukosea. Mimi ndiye niliyeuliza vibaya. Nipeni mpaka kesho nilirekebishe."

"Na kitabu kikichapwa bila somo lako?"

"Basi kichapwe."

Yule mama wa Mununga akaangua kicheko. "Mpeni! Leo ndiyo mara ya kwanza anasema kitu bila kukiandika kwanza."

Nikaandika upya. Safari hii watoto wangecheza soko kwa kokoto: kwanza wahesabu samaki walionunuliwa, kisha waongeze wa mbasela, halafu waeleze kwa nini hesabu hizo mbili hazilingani. Mwalimu yule yule akalifundisha. Msichana wa mbele akauliza kama muuzaji wa leo anatoa mbasela. Alipoambiwa anatoa, akasema, "Haya, tununue."

Lilipita. Kitabu kilipotoka nilimpelekea mama yangu. Hakujua kusoma, nikamsomea. Nilipofika penye mbasela akanikatiza: "Huyo sasa anajua kuuza." Siku hiyo nilipita ufukwe mzima kifua mbele, kitabu mkononi, nikitumaini mtu ataniuliza nimeshika nini.

Karatasi bado nazitoboa kwa kufuta. Lakini siku hizi jibu huliandika mwisho, nikishawauliza watoto swali lenyewe.