Rubani Aliyeona Haya Kuomba Njia

Kama adabu ingekuwa mafuta, ndege za shirika lile zingezunguka dunia bila kutua, maana walikuwa na rubani msaidizi aliyejaa adabu hadi pomoni. Wenzake walimwita Bwana Samahani. Alimwomba radhi mhudumu kwa kumwagiza chai, akamwomba radhi fundi kwa kumwonyesha tairi lililochakaa, na walioshuhudia wanaapa kwamba siku moja aliuomba radhi mlango uliomgonga kichwa. Mtu wa kumchukia hakuwepo. Lakini kiti cha kushoto, kiti cha rubani mkuu, kilikuwa kikimpita hivi hivi.

Kurusha ndege alijua, tena sana. Abiria waliosinzia walishtukia tu wamefika. Kilichomponza ni mdomo. Hewani kuna kanuni isiyo na mjadala: ukipatwa na hatari, unaitaja hatari. Unatamka "meidei" mara tatu, unajitambulisha, unaeleza kilichokupata na unachotaka kufanya. Ukishalitamka neno hilo, redio nzima inanyamaza, waliokutangulia wanakupisha, na mwongoza ndege aliyeko mnarani anakushughulikia wewe kwanza. Usipolitamka, wewe ni msafiri kama wengine, na utakaa foleni. Aliyeko mnarani hawezi kuchungulia ndani ya tangi lako.

Mtihani wake wa kwanza wa urubani mkuu ulifanyika ndani ya kile chumba cha mazoezi kinachonguruma na kutikisika kama ndege yenyewe. Mtahini alikuwa mama mmoja mwembamba, rubani wa siku nyingi, ambaye hukaa nyuma ya mtahiniwa na kuigiza sauti ya mnara. Akamwekea mvua juu ya uwanja, ndege kibao kwenye foleni, na mafuta yanayokaribia kwisha.

"Mnara, samahani kwa usumbufu," bwana wetu akasema kwenye redio. "Mafuta yetu si mengi sana. Kama itapatikana nafasi, tungeshukuru."

"Nimekusikia. Subiri zamu yako."

Naye akasubiri! Akazunguka mawinguni, akawapisha wenzake, akashukuru. Injini zikazima huku taa za uwanja anaziona.

Mama mtahini akawasha taa za chumba. "Umewaua wote, mwanangu," akasema. "Tena kwa heshima zote."

Shirika liliruhusu kurudia mtihani ule mara moja tu. Akianguka tena, atabaki kiti cha kulia mpaka astaafu.

Mkewe, mwalimu wa michezo, aliposimuliwa alicheka hadi akakaa sakafuni. Kisha akamtazama usoni, na kicheko kikamkauka. Alimjua mumewe. Mwanamume huyo alilelewa kwa kupokezanwa, leo kwa shangazi, mwakani kwa baba mdogo, na kila alikopelekwa alikuwa mgeni. Alijifunza mapema kwamba mtoto asiyeomba kitu hamchoshi mtu. Alikula kilichobaki, akalala palipobaki, na hata homa aliugua kimyakimya. Jambo hilo lilimuuma mkewe kuliko mtihani wenyewe.

"Dawa yako ni Mama," mke akakata shauri.

Mama mzazi wa mke aliishi nao. Alikuwa bibi aliyekula chumvi nyingi, mwenye sauti ya kupenya kuta mbili, na mbele yake rubani hakuwahi hata kukohoa kwa nguvu. Mke alimchagua kwa sababu hiyohiyo. Kuanzia asubuhi iliyofuata, rubani akawa anakalia kigoda cha jikoni, uso ukutani, na mama mkwe nyuma yake akichambua maharage. Mama mkwe ndiye mnara.

"Shikamoo, Mama. Samahani, nina shida kidogo huku..."

"Marahaba. Subiri. Mbele yako kuna ndege ya waziri, na nyingine imebeba maharusi."

"Haya, Mama."

"Haya nini? Umeshakufa! Na mimi nilikuwa nimepanda humo humo!"

Mke alikuwa mlangoni, hana mbavu. Wakarudia. Rubani akafa asubuhi, akafa baada ya chakula cha mchana, Jumapili akafa mara kadhaa. Mama mkwe alikuwa anaifurahia kazi yake kupita kiasi, na kila ajali alimpangia abiria wapya: wajawazito, mapacha, kwaya nzima.

"Mwanangu," akamwuliza siku moja, "hivi ukizama leo utayaomba maji radhi?"

Siku hiyo rubani alichoka kufa. Akavuta pumzi, akapiga meidei moja ya kutikisa sufuria, mpaka jirani akaja mbio na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua. Mama mkwe akashangilia. Rubani akatoka nje kumwomba jirani radhi, na akaomba, akaomba, hadi jirani mwenyewe akaomba aachwe aende zake. Mke na mama yake wakatazamana. Kazi bado ilikuwepo.

Siku ya kurudia mtihani, alifunga mkanda wa kiti. Rubani mwenzake alikuwa kulia kwake, mama mtahini nyuma. Ndege ya mazoezi ikapaa vizuri, na mara tu magurudumu yalipoingia tumboni, kengele ikalia. Injini ya kulia inawaka moto.

Mikono yake haikuwa na wasiwasi. Aliituliza ndege kwanza, kama kanuni inavyotaka. Mwenzake akasoma hatua kwa sauti, wakaizima injini, wakaifungulia dawa ya moto. Taa nyekundu ikagoma kuzimika. Ikabaki redio.

Kidole chake kikafika kwenye kitufe na kuganda. Hofu ile ile ya utotoni ikamrudia, ya kuonekana mzigo mbele za watu. Akapiga moyo konde.

"Meidei, meidei, meidei." Akajitambulisha. "Injini ya kulia inawaka moto. Tunarudi uwanjani."

"Nimekupata," mnara ukajibu. "Subiri kidogo, kuna mwenzako yuko karibu kutua."

Mtego ulikuwa hapo, na alijua kuwa ni mtego, na bado neno "sawa" lilishamfika ulimini. Akalimeza.

"Siwezi kusubiri. Nataka njia sasa hivi."

Hakuongeza kitu. Sauti ya mnara ikaja, safari hii laini.

"Njia ni yako. Wengine wote nimewaondoa. Zimamoto wako tayari. Niambie, unahitaji nini kingine?"

Macho yakamjaa machozi. Katika nyumba zote alizopitia, hakukumbuka aliyewahi kumwuliza swali hilo. Mikono ikaendelea kuishika ndege sawasawa.

"Nahitaji magari ya wagonjwa," akasema. "Nahitaji ngazi. Na nahitaji msiniongeleshe mpaka nitue."

Mama mtahini akaziba mdomo kwa kiganja asisikike akicheka. Magurudumu yakagusa ardhi, ndege ikasimama katikati ya mstari, na taa za chumba zikawaka.

"Hongera, Kapteni," akasema, akampa mkono.

Kapteni mpya akatoka hadi kwenye korido, akampigia mkewe. Simu ilipokelewa kabla haijaita vizuri.

"Nimepita."

Upande wa pili pakalipuka vigelegele, na sauti ya mama mkwe ikivipita vyote. Vilipopungua, mke akamwuliza atarudi na usafiri gani, maana wanataka kumpokea mlangoni.

"Njooni mnichukue," akasema. "Wewe na Mama. Nataka mje."

Tangu waoane, mwanamume yule hakuwahi kumwomba mkewe hata glasi ya maji. Ndipo akamsikia akipaza sauti ndani ya nyumba, analia huku anacheka:

"Mama! Vaa viatu, anatuita!"