Wivu wa Siku ya Ine

Nianze na upumbavu wangu, maana ndio uliotangulia. Nilisimama mbele ya darasa letu, nikajifunga sweta kichwani kama kitambaa, nikaigiza mama mmoja muuza makala, yale makaa ya kupikia, anavyomgombeza bwana yake aliyekufa. Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa hesabu akasimama mlangoni, akaangalia tena kama hajakosea shule. Kwa dakika tano nilikuwa mfalme. Msichana mmoja tu hakucheka. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba yule muuza makala ni mama yake.

Sasa niseme ile mambo niliiokota wapi.

Papa alienda Rutshuru kununua maharagi, camion iliyombeba ikaanguka njiani, akarudishwa maiti, amefungwa ndani ya kikwembe. Tangu hapo Mama akawa mgonjwa wa mawazo. Sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, aliitia chumvi mara mbili, ama aliisahau kabisa. Kabla jua halijatoka alikuwa nje anafagia uwanja wetu, na uwanja wetu ni mawe ya volkano matupu. Shangazi zangu walimpeleka kwenye chumba cha maombi, wakamfungisha siku tatu. Akarudi na mawazo yaleyale, na njaa juu yake. Kisha akaenda hospitali kubwa ya magonjwa ya kichwa. Walipomtajia bei ya kumuona munganga, kumuona tu, akawaambia aksanti na kurudi kwa mguu.

Aliyetuokoa ni mama wa relais, yule anayezunguka nyumba kwa nyumba akiuliza kama watoto wamechanjwa. Alimkuta Mama anafagia. Akamaliza avenue nzima, akarudi, bado anafagia.

"Mama, mawe haya hayatageuka udongo leo," akamwambia. "Siku ya ine kuja ku kituo cha afya. Kuko kikundi ya watu wakubwa wenye mawazo, na munganga anabasikiliza. Unalipa fishi ya kujiandikisha mara moja, basi."

"Na mimi nitaenda naye," nikasema.

"Ni ya watu wakubwa. Weye uko na mawazo gani?"

"Niko na mtihani wa chimie."

Relais alicheka. Mama hakucheka, nami hiyo iliniuma, kwa sababu nyumbani kwetu kuchekesha ilikuwa kazi yangu. Papa alileta maharagi, mimi nilileta kicheko. Tangu afe nilikuwa nimejaribu kila kitu: sauti ya padri, mwendo wa shangazi mkubwa, polisi akiomba kitambulisho kwa mbuzi. Mama aliniangalia kama mutu anayeangalia mvua.

Halafu siku ya ine, Alhamisi ya kila wiki, ikaanza kumchukua. Alivaa kikwembe cha misa. Alijipaka mafuta. Wiki ya tano hivi, alirudi akiwa bado na kicheko mdomoni, kama mutu aliyekula kitu kizuri kwa jirani.

"Nini?" nikamuuliza.

"Mama mumoja wa kule. Anauzaka makala. Anajua kuchekesha, huyo."

"Alisema nini?"

"Mambo ya kule inabakiaka kule."

Kama angeniambia amepata bwana mwingine, ningevumilia. Lakini mchekeshaji mwingine? Nilimchukia yule mama kabla sijamuona. Nikamuwazia meno mabovu. Nilipopita mbele ya makala ya kuuza, ya mutu yeyote, niliyaangalia vibaya. Usiku wa kuamkia siku ya ine niliombea mvua, na mvua ikanyesha siku ya tano.

Siku ya ine moja walimu hawakuja, tukarudishwa mapema. Miguu yangu ikaenda yenyewe hadi nyuma ya kituo cha afya, ambako kikundi kinakaa chini ya bâche, lile turubai lao, kando ya ukuta. Nikachuchumaa upande wa pili wa ukuta. Nikasikia sauti nzito, ya moshi, ikisema:

"Kila magaribi ninamuwekea sahani. Ninangojea kidogo. Hakuji. Ninakula ile yake, kisha ninamugombeza: weye, kila siku unamaliza chakula, makala haubebi hata gunia moja."

Wote wakacheka. Na katikati ya vicheko nikakitambua cha Mama, kile kinachopanda juu kisha kinakatika. Ilikuwa miezi saba sijakisikia. Mutu mwema angefurahi. Mimi nilirudi nyumbani nikipiga mawe teke, na kesho yake nikasimama mbele ya darasa na sweta kichwani. Nilitaka kuonyesha kwamba mimi ninamzidi, hata kwa maneno yake mwenyewe.

Siku ya ine iliyofuata, Mama alirudi mapema, kabla ya saa nane. Akakunja kikwembe cha misa, akakiweka chini kabisa ya valizi.

"Walikufukuza?"

"Hapana. Kuko mutu alitosha maneno ya kule inje, binti ya ule mama akaisikia ku masomo. Mimi ndiye niko na mutoto ku ile masomo. Hawakunisemesha kitu. Waliniangalia tu, nikasimama."

Asubuhi nikaamshwa na ufagio. Chwa, chwa, juu ya mawe. Wiki ya pili chumvi ikaanza tena. Hakukuwa na mahali pengine pa kumpeleka. Hospitali ile kubwa bei yake ilikuwa palepale. Nikaelewa kwamba nisipokwenda mwenyewe, Mama atafagia mpaka azeeke.

Yule mama nilimtambua sokoni kwa ile sauti yake ya moshi, ameketi juu ya gunia. Meno yake yalikuwa mazuri, na hiyo pia iliniudhi. Nikamwambia yote: ukuta, sweta, darasa. Nikamwambia kwamba Mama hakutoa neno lolote nje.

Alimhudumia mteja kwanza. Kisha akasema, "Ifanye."

"Nini, mama?"

"Ile ulifanya ku masomo. Ifanye hapa."

Niliifanya. Sijawahi kuigiza vibaya hivyo. Sauti ikawa ya kuku. Wauza makala wengine walikuwa wanaangalia, hakuna aliyecheka.

"Sahani unaiweka mubaya," akasema. "Bwana yangu alikulaka na mukono wa kushoto."

Nikaihamisha ile sahani ya hewa upande wa kushoto.

"Beba hili gunia. Tunaenda kwenu."

Nililibeba kutoka sokoni hadi mlangoni kwetu, jasho jeusi likinishuka shingoni, yeye akinifuata bila haraka. Mama alikuwa uwanjani.

"Mama," muuza makala akasema, "huyu mutoto wako alikuwa nyuma ya ukuta. Hukutosha maneno inje weye. Siku ya ine nitakupitia saa sita. Uvale."

Akaacha gunia, akaondoka. Mama akaegemeza ufagio kwenye ukuta. Nilijua kofi linakuja, kwa hiyo niliongea haraka, kabla halijafika. Nikamwambia nilikuwa na wivu. Kwamba wale watu asiowajua anawaambia yote, anacheka nao, na mimi mwanawe haniambii hata kile kinachomuamsha alfajiri.

Aliniangalia, uso wangu wote ukiwa makala. Kisha akasema, "Wao waliniuliza. Weye haujaniulizaka hata siku moja."