Panya wa Tarach na Mbegu za Adhieu

Adhieu hakuwa mwanamke wa kuombaomba. Alifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka wa tisini na mbili, kwa miguu, akitokea Bor, kusini mwa Sudan, na kitu pekee alichokataa kukitupa njiani kilikuwa kibuyu cha mbegu za mtama wa shamba la mama yake. Mimi nilikuwa na duka mjini. Mume wangu alihamishiwa huko kutoka Nyahururu, nikamfuata na gubu langu. Adhieu alianza kuwa mteja, akaishia kuwa rafiki. Nikimtania kwamba mtama wake mwekundu ni chakula cha kuku, alinijibu, "Mama Gitau, wewe kula mahindi yako, nyamaza."

Kila mwaka alipanda mtama kidogo nyuma ya nyumba yake kambini, penye maji yaliyomwagika bombani. Akishavuna, alitundika masuke ya mbegu juu ya jiko. Kwao mbegu hukaa kwenye moshi, kwa kuwa panya hapendi moshi. Lakini alipoezeka nyumba upya kwa karatasi la plastiki aliogopa moto, akahamishia mafiga nje. Mbegu akazipukuchua, akazirudisha kibuyuni, akafunika kwa kitambaa.

Huo ndio mwaka wa El Nino. Laga ya Tarach, mto wetu wa msimu, ilijaa, nyasi zikafika kiunoni, na panya wakatuhama kabisa. Mimi hata paka wangu nilimgawa. Nabei, Mturkana aliyetuletea makaa, alitucheka.

"Ejok, sawa tu, mama. Panya haijakufa. Iko huko kwa nyasi, nazaa. Nyasi ikikauka, atakuja na watoto yake yote."

Tukampuuza. Jua lilipokausha nyasi, wakaja kama wenye nyumba. Dukani walikula sabuni, wakala mishumaa, wakatafuna kisigino cha kiatu changu cha kanisani. Nilimkumbuka paka kwa uchungu.

Kisha siku moja Adhieu aliinua kibuyu, akakiona chepesi. Kitambaa kilikuwa kimetobolewa, ndani mna makapi tu. Nilimkuta ameketi chini akilia, mwanamke ambaye sikuwahi kuliona chozi lake. Kwao kulikuwa na vita. Mbegu nyingine kama zile angezipata wapi?

Alipomaliza kulia alibandika maji, ayamwage yakichemka katika shimo la panya lililopita chini ya ukuta. Nabei, aliyekuwa ameleta makaa, akamshika mkono.

"Usimwage! Makapi ni kidogo, mtama ilikuwa mingi. Amebeba, ameweka huko chini. Maji moto itapika mbegu yako."

"Basi mimi nachimba!"

"Udongo sasa ni jiwe. Ukichimba, ukuta naanguka. Ngoja mvua. Nyasi ikiota, yeye mwenyewe natoka."

Basi Adhieu akaishi na wezi wake. Hakutega mtego, hakuweka sumu. Akafikia hatua ya kuwamwagia makombo ya ugali mlangoni pa shimo, ili wasimalize akiba. Nikamwambia huko ni kumkabidhi fisi bucha. Alicheka, lakini kila asubuhi niliona jinsi alivyoinama kulitazama shimo, na roho iliniuma kwa ajili yake. Wakimaliza, basi. Shamba la mama yake ndilo lilikuwa mle chini.

Mvua ya Aprili ilikuwa haba, lakini Tarach ilipata majani, na asubuhi moja makombo yakabaki vile vile. Tukachimba sisi watatu, polepole, tukiuonea ukuta huruma. Chini kabisa tukakuta kijichumba, na ndani yake mtama mwekundu, mkavu, wa kujaza bakuli. Adhieu aliuteka kwa mikono miwili, akaunusa, akaanza kuimba. Nilifurahi hata nikasahau kiatu.

Kabla ya kufukia, alirudisha konzi moja shimoni.

"Una wazimu!" nikafoka. "Hao ni wezi!"

"Hapana, Mama Gitau. Hawa pia wakimbizi. Nyasi ikikauka tena, watakwenda wapi?"

Nikafukia shimo mwenyewe, nikinung'unika. Alipovuna, suke la kwanza alimpa Nabei, la pili akanipa mimi. Langu nililitundika juu ya jiko, kwenye moshi mzito. Ukarimu wangu haujafika kiasi hicho.